Muda Umekwisha, Muda Unakwisha

Mwezi uliopita nilirudisha ufunguo wa kibanda cha wakalimani, nikapewa keki na kadi yenye saini kumi na moja, mbili kati yake za watu nisiowajua. Salome, mtayarishaji wetu wa vipindi, aliniomba niwaachie kurasa chache ninyi mnaobaki kazini. Nikamwuliza niandike nini. "Auntie, andika vile ulianza," akasema, "na vile mambo huharibika." La kwanza ni jepesi. La pili limenikalisha mezani wiki tatu.

Sitawaambia nilipanda cheo lini, kwa sababu kazi yetu haina ngazi. Ina kiti, kipaza sauti, na mtu mwingine anayeongea.

Nilifika Birmingham kutoka Bungoma kuja kutunza wazee. Kila asubuhi nilipanda treni Acocks Green, nikashuka mjini, nikatembea hadi stesheni ya pili na kupanda nyingine ya kwenda Sutton Coldfield, ambako nilivalisha watu soksi na kusikiliza habari za mbwa wao. Kwenye treni ya kurudi nilikuwa nikikutana na akina mama wa Kongo wakizungumza Kiswahili ambacho nilikielewa robo tatu. Mmoja aliniomba nimsindikize kwa daktari akajieleze. Kisha akaja dada yake, kisha jirani yake. Baada ya mwaka mmoja ofisi moja ya wakalimani ilinisikia, ikaniita, ikanipa kitambulisho chenye picha mbaya.

Siku yangu ya kwanza rasmi ilikuwa katika hospitali moja kule Edgbaston. Mgonjwa alikuwa mzee kutoka Uvira, mpole sana. Daktari alimwuliza maumivu yanakuja lini. Mzee akasema, "Inakuyaka nyuma ya kula." Mimi, kwa ujasiri wote wa mgeni, nikamwambia daktari kwamba mzee anaumwa mgongo akila. Daktari akamgeuza, akaanza kumbonyeza uti wa mgongo. Mzee alinitazama kwa subira ambayo sikustahili.

Nilipotoka nilimkuta mwanaume mrefu aliyevaa koti la suti na viatu vya michezo akinisubiri kwenye korido. Alikuwa mkalimani wa chumba kinachofuata, mtu wa Bukavu, na mlango wetu ulikuwa wazi. Ndiye Papa Déo, ambaye baadhi yenu mlimkuta akiwa amestaafu tayari.

"Mama," akaniambia, "kwetu nyuma ya kula ni kiisha kula, baada ya chakula. Ule muzee iko na maumivu ya tumbo."

"Sasa nifanye nini?"

"Rudia mule. Uambie docteur ni weye ulikosea. Usiseme muzee amegeuza maneno, hapana. Ni weye."

Nilirudi, nikasema. Daktari hakukasirika hata kidogo. Alikata mstari mmoja kwenye karatasi yake na kuanza upya, safari hii kwa kumbonyeza tumbo. Nilitoka pale nikiamini nimekwisha kujifunza somo zima. Nilikuwa nimejifunza nusu ya kwanza, ile rahisi, ambapo anayekusikia ni daktari mmoja.

Miaka iliyofuata nilifanya kazi na Papa Déo karibu kila wiki. Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika kwa penseli, kwa sababu kalamu ya kubonyeza husikika kwenye kipaza sauti kama mtu anayevunja kuni. Alinifundisha kunywa maji yasiyo baridi, kutovaa bangili, kupiga mstari katikati ya karatasi ili tarakimu na majina vikae upande wake. Alinifundisha pia kutomhurumia mzungumzaji. Akisema jambo la kipumbavu, aliniambia, lipeleke likiwa la kipumbavu vilevile. Mimi nilikuwa na tabia ya kuwasafishia watu sentensi zao, kama vile nilivyozoea kuwafunga wazee vifungo vya shati.

Kituo cha redio kilipoanzishwa, juu ya maduka pale Acocks Green, kilitutafuta sisi wawili. Walitaka hotuba kubwa za dunia zitafsiriwe moja kwa moja kwa Kiswahili, kisha wachambuzi wajadili. Kibanda chetu kilikuwa stoo ya duka la mawigi. Tulipigilia mazulia ukutani, tukazima hita kwa sababu ilikuwa ikivuma, na kuanzia Oktoba hadi Aprili tulifanya kazi tukiwa tumevaa makoti. Tulikaa wawili kwa sababu hakuna kichwa kinachoweza kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja zaidi ya dakika ishirini. Mmoja anasema, mwenzake anaandika tarakimu na kumsogezea karatasi. Kipaza sauti cha anayepumzika kinazimwa.

Upande wa pili wa kioo walikaa wachambuzi. Wa kudumu walikuwa wawili. Bwana Gitonga alikuwa na kampuni ya wahudumu wa wazee na alikuwa mzee wa kanisa. Alimpenda rais wa ile nchi kubwa kama mtu anavyompenda mjomba aliyefanikiwa. Daktari Barasa, wa falsafa si wa sindano, alifundisha chuoni na alimchukia rais yuleyule kwa nguvu zilezile. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na kura kule. Jina la rais sitalitaja, wala nchi aliyokuwa akivutana nayo kuhusu nyuklia. Mnayajua, na majina yakishaingia watu huacha kusoma, wanaanza kushangilia.

Sasa niseme lile lililonikalisha wiki tatu.

Mazungumzo ya nyuklia yalikuwa yamekwama. Kwa siku nne redio zote zilikuwa na habari moja: manowari zimesogea, wajumbe wameondoka hotelini, balozi fulani kaitwa nyumbani. Watu wa kwetu walikuwa na sababu zaidi ya kusikiliza kuliko majirani zao. Nusu ya wasikilizaji wetu walikuwa na dada, mume au binti anayefanya kazi kwenye miji ya Ghuba, upande wa pili tu wa maji kutoka kwenye hiyo nchi iliyokuwa ikitishwa. Tukaambiwa rais atahutubia saa kumi na moja jioni kwa saa zetu. Nilipofika kituoni nilimkuta Salome amesimama ngazini akihesabu kwa vidole.

"Auntie, leo hakuna kukata hata sekunde. Hotuba, halafu debate, halafu simu. Boss anasikiliza akiwa kwake."

Papa Déo alianza. Alibeba dakika kumi na tano za kwanza, za historia na sifa, bila kutoa jasho. Kisha akanigusa bega na nikawasha kipaza sauti changu.

Rais alikuwa amepandisha sauti. Alihesabu makosa ya upande wa pili, moja baada ya jingine, na kila moja lilifuatwa na makofi. Mnajua jinsi sikio linavyozoea mwendo. Baada ya vitisho vitano ninyi wenyewe mnaanza kukisubiri cha sita. Akasema, "Muda," makofi yakapanda, na mimi nikaimalizia sentensi yake kabla ya yeye kuimaliza.

"Muda umekwisha," nikasema.

Penseli ya Papa Déo ilisimama. Akaandika herufi mbili kubwa pembeni mwa karatasi, akaisogeza mbele yangu: NA.

Nilielewa mara moja. Rais alikuwa amesema muda unakwisha. Na nilipokuwa nikizitazama zile herufi mbili, sentensi iliyofuata ikapita masikioni mwangu bila kunishika. Nilikuja kuidaka inayofuata, ya kuwashukuru wanajeshi, nikaenda nayo. Kwa jicho la pembeni nilimwona Papa Déo anaandika mstari mzima. Sikuusoma. Nilibaki na dakika tatu za hotuba, na nilizisema zote vizuri sana. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo.

Taa ya kibanda ikazimika. Papa Déo akavua vipokea sauti vyake.

"Mama Rhoda. Alisema unakwisha. Na alisema wajumbe banarudia ku meza siku ya Jumatatu. Ile haukuisema."

"Nimeona."

"Tunakosoa?"

Nilitazama kupitia kioo. Bwana Gitonga alikuwa ameshaanza, mikono hewani. "Tutasema mwishoni," nikamwambia. "Wacha waongee kwanza."

Yeye alikuwa mkubwa wangu katika kazi, lakini kosa lilikuwa langu, na desturi yetu ilikuwa kwamba kila mtu husahihisha la kwake. Akaiweka penseli chini. Nilikunywa maji. Niliwaza kwamba ni herufi mbili tu, kwamba watu wana televisheni, kwamba kwa miaka yote ile sijawahi kusikika nikiomba radhi hewani na siku ya kuanza isiwe siku ambayo bosi anasikiliza akiwa kwake.

"Mmesikia wenyewe," Bwana Gitonga alikuwa akisema. "Muda umekwisha! Hatimaye amepatikana kiongozi anayesema neno moja likaeleweka. Hakuna tena vikao vya chai."

"Ndiyo, tumesikia," akajibu Daktari Barasa. "Muda umekwisha. Mtu huyu ametangaza vita mbele ya kamera, na ndugu yangu hapa anapiga makofi."

"Nampigia mtu anayelinda dunia."

"Kwa kuichoma?"

Walikuwa na furaha, wote wawili. Sina neno jingine. Sentensi yangu ilimfaa kila mmoja. Gitonga alipata shujaa wake na Barasa akapata mhalifu wake, na walirushiana ile "umekwisha" kama watoto waliopata mpira mpya. Nadhani waliitaja mara ishirini.

Kisha Salome akafungua simu. Wa kwanza aliomba tuombee dunia. Wa pili alikuwa mwanamke, na sauti yake niliitambua kabla hajajitaja, kwa sababu tulikuwa tukiimba naye kwaya moja. Alikuwa Mama Eliya.

"Mimi sitaki siasa," alisema, na alikuwa akihema. "Nataka kujua barabara. Binti yangu Eunice ni nesi huko Ghuba, kutoka hospitali yao unaona bahari. Nimemsikia huyo rais kwa redio yenu, nikampigia Eunice palepale. Nimemwambia atoke. Aache kila kitu, atafute gari la kwenda mpakani usiku huu. Yeye alikuwa hataki, ati ako na wagonjwa. Nimelia mpaka amekubali. Sasa nauliza, nyinyi mnaojua, mpaka bado uko wazi?"

Wachambuzi walitazamana. Ilikuwa mara ya kwanza jioni ile.

Nilitoka kibandani mbio. Salome alikuwa kwenye meza ya mitambo.

"Nifungulie kipaza sauti changu," nikamwambia. "Nilikosea kutafsiri."

"Auntie, sasa hivi? Lines ziko full."

"Rais hakusema vile. Fungua."

"Boss amesema tusikate. Please, tungoje break, ni dakika sita tu."

Alikuwa kijana na alikuwa ameogopa, na mimi nilikuwa nimekwisha kumwonyesha, kwa robo saa nzima, kwamba jambo lile linaweza kungoja. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Niligeuka nikasukuma mlango wa studio huku taa nyekundu ikiwaka, jambo ambalo sijawahi kulifanya na ambalo ninyi nawaomba msilifanye isipokuwa mko katika hali kama yangu.

Papa Déo alikuwa nyuma yangu na karatasi mkononi. Bwana Gitonga aliniona, akafunika kipaza sauti chake kwa kiganja. "Mama Rhoda, tuko hewani," akanong'ona, kana kwamba nilikuwa nimepotea njia ya chooni. Nikamwondoa mkono. Sijawahi kumgusa mwanaume wa watu kwa namna hiyo.

"Mimi naitwa Rhoda," nikasema. "Ndimi niliyekuwa nikitafsiri hotuba. Nimekosea mahali pawili. Rais hakusema muda umekwisha. Alisema muda unakwisha. Na baada ya hapo alisema sentensi ambayo mimi sikuitafsiri kabisa." Papa Déo akaniwekea karatasi. Nikaisoma kama ilivyoandikwa: "Wajumbe wetu watarudi mezani Jumatatu." Kisha nikaongeza langu: "Kosa ni langu, si la rais, wala si la hawa wanaojadili. Mama Eliya, bado uko kwenye simu?"

"Niko." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Rhoda? Ni wewe?"

"Ni mimi. Mpigie Eunice. Mwambie asitoke."

Simu ikakatika.

Bwana Gitonga alikohoa. "Lakini, kwa kweli, maana ni ileile. Umekwisha, unakwisha..."

"Hapo nakubaliana na mwenzangu," akasema Daktari Barasa. "Nia ya rais inajulikana. Tusibishane juu ya herufi mbili."

Katika miaka yote niliyowasikiliza, hiyo ndiyo mara pekee waliyokubaliana. Papa Déo aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akasema, hewani, kwa upole, "Bon. Mutoto wa ule mama iko mu gari sababu ya ile herufi mbili." Salome akaweka wimbo.

Nilimpigia Mama Eliya kutoka ngazini. Mara mbili hakupokea. Mara ya tatu alisema Eunice hapatikani, na akaniuliza, si kwa ukali, "Uliona kosa saa ngapi?"

Ningeweza kusema nililiona aliposimulia yeye.

"Palepale," nikasema. "Niliona palepale."

Nilisikia televisheni ikiongea nyumbani kwake, kwa Kiingereza, ikirudia hotuba. Kisha akakata.

Nilienda kwake mguu kwa mguu na Papa Déo. Ni mitaa mitatu tu kutoka kituoni. Mwanawe Eliya, aliyezaliwa hapahapa, ndiye aliyefungua mlango. Alinitazama, akasema kwa Kiingereza kwamba mama yake hataki kuniona, kisha akaongeza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Pole, auntie." Tulikaa kwenye ukuta mfupi wa nje. Papa Déo alinipa skafu yake. Hakunifariji, na nilimshukuru kwa hilo.

Ilipofika karibu saa tatu usiku Eliya akatoka kutuambia kwamba Eunice amepiga simu. Alikuwa mpakani, mzima. Gari walilopanda wauguzi wanne lilikuwa limekwama kwenye foleni ya watu waliokimbia kama wao, na betri ya simu yake ilikuwa imekufa, mpaka dereva wa lori akamwazima chaja. Nikamrudishia Papa Déo skafu yake.

Hakukuwa na vita. Wajumbe walirudi mezani Jumatatu, wakagombana, wakarudi tena. Eunice naye alirudi wodini siku ya tatu, akaambiwa ameacha wagonjwa bila ruhusa, na mkataba wake ukavunjwa. Aliwasili Birmingham na sanduku moja. Bosi wa redio aliniita, akasema niliingia studio kinyume cha utaratibu. Nikakubali. Nikamwomba utaratibu mwingine: kwamba mkalimani anayepumzika akisikia kosa, awashe kipaza sauti chake na kulisahihisha palepale, hata kama mwenzake atachukia. Alifikiri wiki nzima kisha akakubali. Ninyi mnaouona utaratibu huo kama usumbufu, sasa mnajua ulikotoka.

Eunice alikuja kuniona mwenyewe. Alikuwa mwembamba, mtulivu, na alikataa chai.

"Nimehesabu," alisema. "Tulitoka mlango wa hospitali dakika kumi na mbili baada ya ile sentensi. Wewe ulisahihisha baada ya dakika kumi na nane. Sijaja kugombana. Nataka tu kujua, zile dakika ulikuwa ukifanya nini?"

"Nilikuwa nikiogopa kuonekana nimekosea."

Aliitikia kwa kichwa, kama nesi anayeambiwa dalili aliyoitarajia. "Kule kwetu wodini," alisema, "mtu akikosea dozi tunamfundisha kupiga kelele." Akavaa koti lake. Baadaye alipata kazi kwenye hospitali moja ya hapa mjini, na ninasikia ni mkali kwa wanafunzi.

Mama yake alihama kutoka upande wangu kwenye kwaya. Kwa miezi minane tulipeana mkono ibada ikiisha, "Bwana asifiwe," "Amina," na hakuna zaidi. Papa Déo alistaafu, kibandani nikapata mwenzangu mpya, msichana wa Goma mwenye sikio zuri kuliko langu. Mara mbili alinikata hewani. Mara moja alikuwa amekosea yeye. Nilimshukuru mara zote mbili.

Kisha mazungumzo yakakwama tena, na kukatangazwa hotuba nyingine. Jumapili ile, watu wakikunja viti, Mama Eliya alinijia akiwa na kitabu cha nyimbo kifuani.

"Kesho huyo mtu anahutubia."

"Ndiyo, mama."

"Ni wewe utatafsiri?"

Nilikuwa nimebakiza wiki mbili nistaafu, na nilikuwa nimefikiria kumwachia msichana wa Goma hotuba yote. Ilikuwa rahisi kumjibu hivyo.

"Ni mimi," nikasema.

Alinitazama usoni kwa muda, kama mtu anayesoma barua yenye mwandiko mbaya.

"Basi nitasikiliza," akasema, akaenda kumsaidia mchungaji na viti.